Msala wa Mwanakombo

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hadithi hii nimeachiwa na marehemu mke wangu, Mola amrehemu. Alikuwa akiisimulia kila alipokaa kuchana ukindu wa mikeka, na wanetu wakibishana hata uji ukapoa. Nami nitakwenda polepole, kama yeye.

Upande wa Pangani palikuwa na nyumba ya watu wenye vipawa. Bibi yao, Bi Mashavu, alijua kungoja. Mjukuu wake Shekue, mkwezi wa minazi, hakujua kuchoka. Salha, kitinda mimba, hakuweza kusema uongo hata wa kumridhisha mgeni. Na dada yao mkubwa, Mwanakombo, alisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ulionyooka kama uzi uliovutwa.

Mwanakombo akaugua. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikosa usingizi, akasikia sauti wasizozisikia wengine, akaogopa hata kivuli cha mama yake. Mama akaona haya. Akamfungia katika chumba cha uani, na waliomuuliza akawajibu, "Yuko Mombasa kwa shangazi yake."

Uongo nao unataka kulishwa. Mama akawa ananunua halua sokoni na kuwagawia majirani. "Mwanakombo kawaletea." Majirani wakala, wakamtumia salamu. Mwenyewe yuko nyuma ya ukuta, anazisikia.

Bi Mashavu hakuwa na ufunguo. Alitandika jamvi mbele ya ule mlango, akaanza ukili, akapitisha ncha yake chini ya mlango. Siku nyingi ncha ilirudi kama ilivyokwenda. Kisha ikarudi imesukwa kidogo, ovyo ovyo, kama kazi ya mtoto. Bibi hakufumua. Aliendeleza pale pale, akairudisha. "Nakungoja, mjukuu wangu," alisema. "Sina safari." Huko ndani Mwanakombo, aliyekuwa amekataa chakula, akaanza kula.

Salha alikuwa mchumba wa mtu. Wanawake wa pande zote mbili walikusanyika kushona mkeka wa harusi yake, kila mmoja na ukili wake. Mama mkwe mtarajiwa akauliza, "Na Mwanakombo, hajambo huko Mombasa?"

"Hajambo," mama akajibu. "Anawasalimu sana."

Salha akaweka sindano chini. "Mama, dada hayuko Mombasa. Yuko chumba kile, anaumwa akili. Naomba tumfungulie, naye ashone mkeka wangu."

Mama mkwe akakunja ukili wake. "Kumbe tulikuwa tunakula halua ya mwendawazimu," akasema, akaondoka na watu wake. Harusi ikafa hapo hapo. Lakini siri ikiisha kutoka, mlango wa nini tena? Mama akatoa ufunguo.

Shekue akampakia dada yake kwenye baiskeli, akampeleka hospitali ya mjini. Kila dawa zilipokwisha alimrudisha, jua au mvua. Wenye minazi wakaacha kumwita. Walisema mkosi utapanda mtini pamoja naye. Njiani wakamcheka.

"Shekue, mzigo gani huo?"

"Dada yangu. Wewe wako akiumwa utambeba mgongoni?"

Dawa zikamtuliza Mwanakombo. Zile sauti zikafifia, usingizi ukarudi. Zilimwachia mtetemo wa mikono, hata msala mmoja, mkeka mdogo wa kuswalia, ukamchukua mfungo mzima wa Ramadhani. Ukili wake haukunyooka kama zamani, lakini alitia rangi ya zambarau pembeni, kama alivyopenda. Asubuhi ya Idi akautoa. "Nimesuka mmoja tu," akasema. "Ni wa aliyenirudisha kwa watu."

"Bila baiskeli, dawa zingekuja kwa miguu?" Shekue akauliza.

"Na mlango ungebaki umefungwa, kaka, ungempakia nani?" akasema Salha.

Bi Mashavu akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nisingemngoja pale mlangoni, mngemkuta nani humo, wajukuu zangu? Mfu?"

Mama yao alikaa pembeni, hakudai kitu. Mwanakombo akasimama na msala wake mkononi, akawatazama mmoja mmoja, na huku msikitini takbiri zinaita.

Marehemu mke wangu alikuwa na jibu jipya kila mwaka. Mwaka mmoja alimpa Bibi. Mwaka mwingine Salha, kwa ajili ya ile harusi. Kuna mwaka alisema msala abaki nao Mwanakombo, maana ndiye aliyezimeza zile dawa. Mara ya mwisho nilimuuliza akiwa kitandani. Akatabasamu. "Waulize wenzako kwanza," akasema, "kisha uje uniambie."

Basi nawauliza. Msala ni wa mtu mmoja, na ukiukata unafumuka. Wewe unayenisikia, ungemtandikia nani?