Kidari cha Mzee Shekiondo

Paukwa!

— Pakawa!

Sikuwasikia. Walio nyuma huko mmemeza ndimi? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Kaeni vizuri, maana nikianza mimi kusimulia hata mbuzi huacha kucheua.

Zamani ile ya zamani, tembo walipokuwa bado wanakuja vijijini kuomba moto, palikuwa na kijiji cha wawindaji. Na katika kijiji hicho alikuwako mzee mmoja, Mzee Shekiondo. Jicho lake moja lilitemewa sumu na nyoka swila, likazima. Magoti yake yakilia kwata, kwata. Upinde hakuwa tena na nguvu za kuuvuta. Lakini porini hakuna aliyekwenda bila yeye.

Alishika fimbo tu. Tok, tok, tok. Anagonga huku, anagonga kule.

"Huu msiguse."

Tok, tok.

"Hapo piteni kushoto, kuna mwenye nyumba."

Tok, tok.

"Maji hayo msinywe kwanza, tupeni udongo."

Na yeye ndiye aliyepika sumu ya mishale, peke yake, mbali na watu. Mti aliouchemsha hakumwonyesha mtu. Wawindaji walipokea sumu imeshaiva, nyeusi kama lami, wakapaka mishale, basi.

Sasa sikilizeni desturi yao. Wawindaji wakirudi, wanawake husimama penye lango la kijiji, wamepanga mstari, wamezuia njia. Hakuna kupita. Wanaimba:

"Nani kawarudisha?"

Na aliyetangulia mbele hujibu kwa jina. Si jina la aliyeua mnyama, la hasha. Jina la aliyewarudisha watu wakiwa wazima, na roho zao. Hapo vigelegele, lililili! Na kidari cha mnyama, ile nyama ya kifuani yenye mafuta yanayomtoa mtu machozi, hupewa huyo aliyetajwa.

Mwaka nenda, mwaka rudi: "Mzee Shekiondo!" Lililili! Kidari, kwa Mzee Shekiondo.

Basi katika kijiji hicho alikuwako mwanamume anaitwa Semkiwa. Mwindaji! Nawaambieni, mwindaji. Siku moja alipiga nyati, mshale ukampitia nyati, ukatoka upande wa pili, ukamuua ngiri aliyekuwa amelala, ukaenda kukatika kwenye jiwe. Jiwe lenyewe likapasuka. Mwenye kubisha akalione, vipande bado vipo.

Siku hiyo ya nyati Semkiwa alitangulia mbele, kifua kimejaa, damu ya nyati mpaka kwenye nyusi. Wanawake wakaimba: "Nani kawarudisha?" Na desturi ni desturi. Akajibu, kwa meno yaliyofungwa: "Mzee Shekiondo."

Lililili!

Aliyeongoza vigelegele ni nani? Mkunde. Mke wake mwenyewe.

Semkiwa akapewa paja. Paja la nyati, bwana wee, zito kama mlango! Akalitazama kama mtu aliyepewa kwato. Akatupa jicho upande wa pili. Mzee Shekiondo anaondoka na kidari, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, anakwenda kwata, kwata. Na kitu kikamnyonga Semkiwa hapa, penye koo.

Nyumbani hakula.

"Baba Kijoli," mkewe akamwambia, "nyama inapoa."

"Mpelekee bwana wako Shekiondo."

"Ala! Yule mzee ana umri wa babu yangu."

"Ndiyo maana unampigia vigelegele mpaka koo linakauka? Nani alivuta upinde? Yeye? Yule anakwenda kugonga majani tu. Hata kuku angegonga majani."

Mkunde akacheka. "Basi safari nyingine nendeni na kuku."

Loo! Angenyamaza. Kicheko kile kilimwingia Semkiwa kama mwiba wa samaki. Akilala anakisikia. Akiamka anakisikia. Akimwona mzee anapita, anahesabu hatua zake. Akimwona mzee anakohoa, moyo unamwambia: labda ni leo. Siyo leo. Mzee anakohoa, anatema, anaendelea kuishi! Hata harufu ya moshi wa jiko la mzee ilimkera. Aliingia ndani, akaziba mlango kwa mkeka, asiinuse.

Siku ya saba akapata shauri.

Akaenda kwa mzee. "Babu, mwezi huu tutakwenda porini keshokutwa."

"Haya, mwanangu. Keshokutwa."

Kisha akaenda kwa shemeji yake Mngoya, mtu mwoga mwenye miguu mirefu, na kwa Kibanga, mtu mnene mwenye tumbo lisilojua adhuhuri wala alasiri. Akawaambia: "Mzee magoti yamemkataa. Kasema twende kesho, tusimngoje."

"Kasema hivyo?" Mngoya akauliza.

"Mimi mwongo?"

Asubuhi wakaondoka watatu. Semkiwa mbele. Njia nzima alikuwa anajifunza mdomoni, polepole, asisikiwe: nani kawarudisha? Semkiwa. Nani kawarudisha? Semkiwa. Jina lilikuwa tamu kuliko asali.

Jua halijapanda vizuri wakafika kwenye kichaka kizuri, kina maganda yananing'inia, yana manyoya laini kama paka mchanga. Mzee hukizunguka kichaka kile, mzunguko wa kuchosha. Semkiwa akasema, "Leo tunakata katikati."

Wakakata katikati. Upupu ule! Kuna upupu na upupu, ule ulikuwa mama yao wote. Mara Kibanga: "Wi!" Mara Mngoya: "Wi, wi!" Wakajikuna tumbo, wakajikuna mgongo, wakajikuna kwenye miti mpaka miti ikabaki haina magome. Nguo za juu wakavua, wakazitupa njiani.

"Angekuwapo mzee," Mngoya akasema.

"Nyamaza!"

Jioni wakatafuta pa kulala. Semkiwa akaona udongo mlaini, mweusi. "Hapa pazuri." Hawakugonga, hawakutazama. Ule mlaini ulikuwa njia ya siafu. Hawajafumba jicho, siafu hao, jeshi zima, wameshapanda mpaka mahali ambapo sitapataja mbele ya mama zangu waliokaa hapa. Watu wazima walicheza ngoma isiyo na mpigaji!

"Angekuwapo mzee," Kibanga akasema.

"Nyamaza!"

Asubuhi wakafika bwawani. Mzee hutupa kwanza bonge la udongo, huliacha bwawa lijibu. Semkiwa akainama kunywa. Matope yakainuka. Yana pembe! Nyati dume huyo, prrrf! Walipanda mgunga wote watatu, na mgunga mnaujua ulivyo, miiba kama vidole. Nyati akakaa chini anawangoja mpaka jua la utosi.

Safari hii hakuna aliyesema "angekuwapo mzee." Walitazamana tu. Na kule kutazamana kulimchoma Semkiwa kuliko miiba. Yaani hata juu ya mti, porini, mtu hayupo, bado yupo!

Nyati alipoondoka wakateremka. Na hapo bahati ikamcheka Semkiwa. Kongoni akatokea, dume, mkubwa kama ghala. Semkiwa akavuta. Vuuup! Kongoni akakimbia hatua kumi, ishirini, sumu ikamshika, akaanguka, dunia ikatikisika.

"Haya!" Semkiwa akapiga kelele. "Nani hodari?"

"Wewe, shemeji."

"Sema tena!"

"Wewe, shemeji!"

Wakaikata nyama iliyozunguka mshale, wakaitupa, maana pale ndipo penye sumu. Hilo walilijua. Kisha Semkiwa akakata kidari. Akakishika kwa mikono miwili. Miaka yote ile! Akasema, "Hiki sikipeleki kijijini. Nakila hapahapa."

Mngoya akaenda kukata vijiti vya kuchomea. Karibu tu palikuwa na mti mzuri, majani mabichi yanang'aa, matawi yamenyooka. Akakata, utomvu mweupe ukamwagika, akafurahi kwamba mti una maji, vijiti havitaungua upesi. Wakachongoa, wakachoma nyama, mafuta yakalia moto, chwaaa.

Mara juu ya kilima: tok, tok, tok.

"Msileee!"

Mzee Shekiondo huyo! Alikuwa amefika alfajiri kwa Mkunde kuuliza habari, akaambiwa wameondoka tangu jana. Akawafuata, magoti yake na fimbo yake. Kaona nguo upupuni. Kaona walipocheza na siafu. Halafu kaona ule mti uliokatwa matawi, unatoka utomvu, na hapo mzee ambaye hakukimbia miaka thelathini, akakimbia.

"Semkiwa! Tupa nyama hiyo!"

Semkiwa akainuka, kijiti mkononi, kidari kimeiva kinanukia. Akamtazama yule mzee anavyohema, vumbi mpaka kwenye lile jicho bovu. Na wivu ukamwambia: ona, kafuata kidari mpaka porini.

"Nitupe ili uokote wewe?"

"Kijiti hicho ni cha msungu. Ndio mti ninaoupika mimi. Sumu ile iliyomuua kongoni, ndiyo hiyo uliyochomeka kwenye nyama."

"Mti wako! Kila mti wako, kila maji yako, kila kidari chako!"

Mzee akasimama. Akatua fimbo chini.

"Basi sikiliza, mwanangu. Mngoya na Kibanga ni mashahidi. Kuanzia leo kidari ni chako. Kata kipande kingine hapo, choma juu ya jiwe, kula chote, mimi sitaki hata mfupa. Hicho tu ulichoshika, kitupe."

Mnaona? Kapewa! Kile kilichomkosesha usingizi, kapewa bure, mbele ya watu. Na badala ya kufurahi, Semkiwa akazidi kuungua. Kwa sababu hata kukitoa, mzee alikitoa vizuri kuliko yeye alivyokitaka. Akasema, "Sipewi na wewe!" Akakipeleka mdomoni. Mafuta yakamgusa kidole, bado mdomo.

Nyuma yake: puu!

Kibanga. Kumbe Kibanga, kwa uroho wake, alikuwa ameshalamba kijiti chake wakati wao wanagombana. Yuko chini, macho yamegeuka, ulimi mzito, moyo unapiga mpaka unasikika, du-du-du-du.

Kidari kikamponyoka Semkiwa, kikaanguka majivuni.

Mzee hakusema "niliwaambia." Hakupata nafasi. Alimgeuza Kibanga, akachomoa unyoya kwenye mshale wa Mngoya, mshale mpya usiopakwa kitu, akaupitisha kooni. Kibanga akatapika. Akapitisha tena. Kibanga akatapika hata uji alionyweshwa utotoni. Wakakaa naye. Du-du-du. Semkiwa alishika mkono wa Kibanga, akahesabu mapigo, na kwa mara ya kwanza siku nyingi hakuwaza kidari. Jua likapungua. Du... du... du. Kibanga akafumbua macho.

"Nyama imebaki?" akauliza.

Wakajua kapona.

Lakini miguu haina nguvu. Nani atambeba? Semkiwa akainama, akambeba mgongoni. Kibanga, nawaambieni, mzito kama kiboko mjamzito. Siku nzima alimbeba, nyayo zake zikachimba mto, na mto huo mpaka leo una maji. Kongoni wakamwacha palepale, hakuna aliyekuwa na mkono wa kubeba nyama.

Walipokaribia kijiji, Mzee Shekiondo akasimama penye mashamba ya mihogo.

"Magoti yananiuma. Mimi napitia huku nyuma, nikalale. Semkiwa, wewe uko mbele. Wewe utajibu."

Akaondoka zake, kwata, kwata.

Sasa fikirini. Mzee hayupo. Mngoya anatazama vidole vya miguu, hatasema neno. Kibanga yuko mgongoni, kamlalia begani. Na kweli Semkiwa kambeba, si uongo, kila mtu anaona! Akisema "mimi," nani atabisha?

Wanawake wamepanga mstari. Mkunde katikati.

"Nani kawarudisha?"

Jina lake likampanda mpaka kwenye meno. Lile alilojifunza njia nzima. Bado lilikuwa tamu.

"Nani kawarudisha?"

Kibanga akapumua sikioni kwake, fuuu.

"Nani kawarudisha?"

"Mzee Shekiondo," akasema.

Wanawake wakatazamana. Mkunde akauliza, "Mbona mlikwenda bila yeye?"

"Nilimdanganya siku. Wivu ulinila. Nilitaka mniimbie mimi. Kidogo niwaletee maiti, na mimi mmojawapo."

Kisha Mkunde akainua uso, hakumtazama mumewe, akaelekeza sauti kule kwenye mihogo, akapiga: lililililili! Na wote wakafuata.

Mkadhani wivu wa Semkiwa uliishia hapo? Thubutu! Asubuhi alikuwa mlangoni kwa mzee.

"Hodi, Babu."

"Umekuja kuomba radhi?"

"Radhi nimekuja kuomba. Lakini na wivu ninao bado, Babu, siwezi kukuficha. Ukipita, koo linanibana. Nataka kujua unachokijua wewe."

Mzee akacheka mpaka lile jicho bovu likatoa chozi.

"Wivu huo sasa una miguu. Nipe fimbo, twende. Tutaanza na msungu."

Tok, tok, tok, wakaingia porini wawili, na mzee ambaye hakumwonyesha mtu mti wake, siku hiyo alimwonyesha yule aliyemchukia kuliko wote.

Basi nyinyi mlionizunguka, mkiona mwenzenu anapewa kidari, msitazame kidari. Tazameni anajua nini, mkajifunze kwake, hata kama koo linabana. Ya Semkiwa nimeyatua hapa, na mwenye kumjua msimulizi anayenizidi mimi, amlete nimwone.