Mwanamke Aliyemwagilia Shimo

Mji mmoja ulikuwa na barabara mpya isiyo na kivuli. Ilitoka sokoni hadi hospitali, na wagonjwa waliipita juani wamejitanda khanga kichwani. Wakubwa wa mji wakawaita vibarua wao wawili, Semboja na Nakiete. Semboja akapewa upande wa kushoto, Nakiete upande wa kulia, wakaambiwa kuwa mgeni mkubwa anakuja baada ya wiki tatu, na lazima aikute miti.

Semboja alikuwa mwepesi. Alichimba shimo la kuuenea mche, akauchomeka, akafukia. Kwa siku nne upande wake ukawa kijani, watu wakampongeza. Simlaumu sana, maana wengi wetu tungefanya hivyohivyo.

Nakiete alipiga jembe mara moja, likadunda. Chini ya vumbi kulikuwa na kifusi cha waliojenga barabara: mawe, saruji iliyoganda, udongo ulioshindiliwa na mitambo. Akaweka jembe, akashika sururu. Akafukua kifusi, akakibeba kwa karai. Kisha akalijaza shimo maji, akaketi pembeni atazame kama yatashuka. Yalipokataa kushuka, alichimba tena. Yaliposhuka, ndipo alipotia udongo laini na samadi. Watu wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu: jamani, njooni muone mtu anamwagilia shimo!

Siku tatu kabla ya mgeni, msimamizi alikuja akakuta mashimo matupu. Akauliza miti iko wapi.

"Bado, bwana," Nakiete akajibu. "Mtoto halazwi juu ya mawe."

Kwa neno hilo aliondolewa kwenye miti, akapewa ufagio wa soko. Inaniuma kila ninapolisimulia. Lakini kila jioni, akishamaliza kufagia, mama huyu alirudi kwenye mashimo yake. Mgeni akaja, akapunga mkono, akaenda zake. Wiki moja baadaye Nakiete akapanda.

Masika yakaingia. Mashimo ya Semboja yakashika maji kama sufuria, mizizi ikaoza, na miche michache iliyobaki ikamalizwa na kiangazi. Miti ya Nakiete nayo haikurefuka mwaka wa kwanza, kwa kuwa ilikuwa inakwenda chini. Mwaka wa tano wagonjwa wote walikuwa wakivuka barabara ili wapite upande wa kulia.

Semboja naye alivuka. Nampenda kwa hilo, maana si kila mtu huvuka. Alikwenda nyumbani kwa Nakiete akamwomba mche mmoja tu, akidhani siri imo kwenye mbegu. Nakiete akaingia ndani, akatoka na ile sururu, mpini umelainika kwa viganja vyake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Semboja akaipokea, akaanza kuchimba siku ileile.

Nawe unayeomba kivuli kila siku, ukipewa sururu utashukuru?