Pandu na Tiara Ndogo

Upepo haba, tiara pana. Mmenisikia nikimwambia hivyo kijana wetu Mkasi, aliyekwenda kukinga manyunyu ya mvua kwa kikombe huku beseni limelala ndani, nanyi mkaniuliza nimeyatoa wapi. Basi maneno hayo yalizaliwa Paje, siku mtu mmoja alipochoshwa kabisa. Asiyeniamini akawaulize kaa, walikuwapo.

Pandu alikuwa mkaanga chapati, mwenye mwili mkubwa hata akiingia baharini, maji yalipanda mpaka ngazi za msikiti. Akaacha chapati akajifunze kuteleza majini kwa ubao, akivutwa na zile tiara, vishada vya kitambaa vinavyofungwa kiunoni. Shule ya mchezo huo ilimwahidi kazi akihitimu. Tena alikuwa amepeleka posa kwa Tatu binti Bi Mize, na Bi Mize ndiye mwenye shamba la mwani mbele ya shule hiyo.

Kila Pandu alipoanguka, aliangukia mwani.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa wa kupoza chai tu. Mwalimu wake, Vuai, akamwambia, "Leo chukua ile kubwa."

"Kubwa ni ya mabingwa, mwalimu. Mimi bado najifunza. Mtoto haanzi na lori."

"Mtoto hana kilo mia, Pandu."

Hakusikia. Akachukua ndogo, tena akajiona mwenye busara. Tiara ikapanda, ikamwinua hadi magotini, ikachoka. Pandu akazama kiunoni, tiara ikalala majini, mkondo ukamsukuma polepole, kama mgeni asiyetakiwa, mpaka kwenye vigingi vya Bi Mize. Kamba zake zikajisokota na kamba za mwani.

Bi Mize alikuwa ameinama akifunga mwani. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mguu kwenye kamba yangu."

Akautoa. Akakanyaga nyingine.

Bi Mize akajinyoosha taratibu, mkono kiunoni. "Juzi umening'olea vigingi. Jana umenilalia mwani. Leo umekuja na kitambaa cha kufutia pua. Ile kubwa unaiogopea nini?"

"Itanivuta, mama."

"Sasa wewe unataka ikufanyeje?"

Pandu akajaribu kuzifungua kamba zake, akazidi kuzisokota.

"Upepo wenyewe umechoka kuliko mimi," Bi Mize akasema. "Haba. Nawe unaupa mahali padogo pa kushika, kisha unanijia mimi. Upepo haba, tiara pana. Hilo nalo la kwenda shule? Ukiniangukia tena, posa yako nairudisha leo leo, na sahani yake."

Pandu akarudi ufukweni, akafungiwa ile kubwa, pana kama paa la banda. Alifumba macho akingoja kurushwa Pemba. Hakurushwa. Upepo ule mnyonge ukajaa kitambaani, ukamwinua kwa upole, akasimama juu ya ubao. Akapita kando ya mwani, akafika karibu na mwamba, akageuka, akarudi amesimama. Kaa walitoka mashimoni kutazama. Mmoja alisahau kurudi.

Bi Mize hakushangilia. Alikaza fundo lake, akamwambia jirani yake, "Mjomba wake aje Alhamisi tupange siku ya harusi. Na aje kwa miguu, si kwa tiara."

Tangu hapo, Paje, mtu mwenye nguvu haba akikiogopa chombo kikubwa ambacho ndicho kingemfaa, hawamwoneshi huruma. Wanamwambia tu: upepo haba, tiara pana.