Ng'ombe wa Kumi na Tano

Mama mmoja alikuwa amechuchumaa zizini, anamkamua ng'ombe wake aitwaye Tunu, binti yake alipokuja kutoka upande wa pili akitembea polepole, kama mtu aliyejitwika maji.

"Mama, mtamba wa tatu naye katupa mimba."

Mikono ya mama ikasimama. Mitamba, wale ambao hawajazaa bado, walikuwa wanne tu. Ndio waliotegemewa wazae, nyumba ipate maziwa miaka ijayo. Sasa amebaki mmoja.

Akampigia simu bwana mifugo. Huyu alikuja mwanzoni mwa mwaka na kompyuta, akaandika kila ng'ombe aliyetajiwa: umri wake, amezaa mara ngapi, aliwahi kuugua nini. Kompyuta ikaliigiza zizi lile kwa miaka mitano ya mbele, ikaonyesha kwamba mitamba wakichanganywa na ng'ombe wakubwa, wakapandwa na dume lile lile, hakuna hatari. Mama akafuata.

"Kompyuta yako imeniua," akamwambia alipofika.

Bwana mifugo alikuwa anahesabu migongo. "Mama, uliniambia kumi na wanne. Huyu wa kumi na tano katoka wapi?"

"Tunu? Tunu si wa kuhesabiwa. Huyo ni wa nyumbani."

"Amewahi kutupa mimba?"

Binti akamtazama mama yake. Mama akatazama chini.

"Mara mbili. Ningekwambia, ungesema nimpeleke kwa mchinjaji. Na ndiye mwenye maziwa kuliko wote."

Bwana mifugo akakaa ukingoni mwa hori, akamwandika Tunu, kisha akamgeuzia mama kompyuta aone. Safari hii iliigiza hivi: mitamba wanne, mimba nne, zote zinatoka kabla ya siku zake.

"Ingekuonyesha haya tangu mwanzo wa mwaka," akasema. "Tuliipa zizi pungufu." Halafu akaitazama ndoo. "Maziwa yake mnachemsha?"

"Ya chai tunachemsha."

"Na ya mgando?"

Mama akaisogeza ndoo nyuma yake. Mgando wa Tunu ndio watoto walioupenda.

"Ugonjwa huu wa kutupa mimba unaingia kwa watu pia, kwa maziwa yasiyochemshwa. Kesho mkapime damu zahanati, nyumba nzima. Usinipunguzie mtu, mama."

Ndugu zangu, nani hapa hana Tunu? Tunapiga magoti, tunamtajia Mungu kumi na wanne: hasira, uvivu, kusengenya. Tunainuka tumeridhika. Mambo yakiharibika tunauliza, mbona niliomba na sikuonyeshwa njia? Tulimweleza zizi lipi? Na tuliyemficha ni yupi? Si yule aliyekonda pembeni, huyo tunamtaja upesi. Ni yule tunayemkamua kila asubuhi. Mungu anamwona, naam. Sisi ndio tunaoendelea kunywa maziwa yake, na kuwanywesha watoto.

Jioni ile yule mama alipakua ugali na kisamvu, bila maziwa. Akawahesabu watu wake kwa kidole na kwa sauti, jambo ambalo kwao halifanywi.

"Sita," akasema.

"Saba," binti yake akasema. "Hujajihesabu."

Mama akakaa mkekani, akavuta sahani yake.

"Saba. Wote tupo. Kuleni."