Dume Aliyelalia Mayai

"Yai ni la aliyeatamia." Mmeusikia msemo huo leo, wajukuu zangu, nanyi mnauliza utakuwaje kweli ilhali yai hutagwa na mama. Methali hii ilianza hivi.

Katika mbuga za nyasi za Amerika ya Kusini aliishi mchunga ng'ombe aitwaye Fermini. Alimwoa Ersilia, mjane mwenye mtoto mchanga. Ersilia naye akafariki, Fermini akabaki kumlea yule mtoto, Nelida, peke yake. Nelida alipotimiza miaka sita, mjomba wake Baltasari alifika amepanda farasi.

"Nimemfuata mtoto wa dada yangu," alisema. "Wewe si damu yake, shemeji."

Maneno yale yalikuwa kweli, lakini hayakumwingia Fermini. Alifunga nguo za mtoto, akazifungua, akazifunga tena. Mwishowe akampandisha Nelida mbele ya mjomba wake, akawasindikiza kwa miguu, furushi mkononi.

Njiani ndege mrefu aliibuka nyasini, mabawa wazi, akamkabili farasi. Alikuwa nyandu, ndege wa kule afananaye na mbuni, asiyeweza kuruka angani. Nyuma yake palikuwa na kiota ardhini, mayai zaidi ya ishirini. Baltasari akamrudisha farasi nyuma.

"Wiki ya tano sasa hajabanduka hapo," Fermini alisema. "Ila niliona majike watano wakija kutaga. Nimeshindwa kujua mama ni yupi. Ndiye huyu?"

"Huyu ni dume, shemeji. Majike hutaga wakaenda zao. Dume ndiye huatamia, ndiye hulea. Hata kifaranga aliyepotea kutoka kiota kingine humchukua."

"Sasa hao vifaranga ni wa nani?"

Baltasari alimtazama ndege, kisha akamtazama Fermini na furushi lake.

"Baba, nishuke?" Nelida aliuliza.

Fermini hakujua kama ana haki ya kujibu. Baltasari ndiye aliyemshusha.

"Nitakuwa nakuja kumwona," alisema, akageuza farasi.

Fermini alibaki amesimama, asijue amesema neno gani la kumshinda mtu. Mtoto alikuwa ameshaanza kurudi nyumbani.

Baltasari alipofika kwao, jamaa zake waliuliza mbona amerudi mikono mitupu. Aliwajibu tu: "Yai ni la aliyeatamia."