Nani Amhukumu Daktari Mahimbo?

Haya, sogeeni, na mwenye moyo mwepesi akalale. Hadithi hii si ya kubembelezea watoto, ni ya kugombania. Mkitoka hapa mmenuniana, nitajua nimeisimulia vizuri.

Katika mji mmoja uliozungukwa na mashamba ya mkonge waliishi watu watatu wenye vipawa. Mkude alikuwa na tumbo tiifu: alimeza chochote, na akitaka kukirudisha hukirudisha bila kutia kidole kooni. Nakijwa, mpika maandazi, alikuwa na pua isiyosahau harufu, na wezi wawili watatu wa mji ule walikamatwa kwa pua hiyo. Bi Siwatu yeye alijaliwa kunyamaza. Akikukalia mbele, akikutazama kimya, utaropoka hata uliyomficha mkeo.

Wote watatu walimpenda mtu mmoja, Semboja. Bi Siwatu alimzaa, Nakijwa aliolewa naye, na Mkude alikuwa naye chanda na pete.

Sasa, mjini hapo palikuwa na nyumba ya kujaribia dawa. Watu wazima wenye afya zao waliingia, wakameza dawa ambayo binadamu hajawahi kuionja, wakalazwa, wakatolewa damu, wakalipwa. Mkuu wake alikuwa Daktari Mahimbo. Sheria ya kazi ilisema dawa ianze kwa mtu mmoja, aangaliwe mpaka kesho yake, akiwa mzima ndipo wenziwe wapewe. Wameza dawa nao walikuwa na sheria yao ya chini kwa chini: ukiumwa, nyamaza, maana anayelalamika hutolewa na ujira wake hukatwa.

Nakijwa alitamani oveni ya kuokea mikate, akamshikilia mumewe aende. Mkude, mzoefu wa nyumba ile, akaenda naye. Walipokwisha kumeza, tumbo la Semboja likaanza kumkata. Akamwuliza Mkude, aliyelala kitanda cha pili, kama amwite nesi. Mkude akamwambia avumilie, kesho wanatoka. Kesho yake Semboja alitoka kweli, akafika nyumbani, akatapika kwenye kanga ya mkewe na kufa.

Mahimbo alikuja msibani. Alikaa jamvini, akala chakula cha watu, kisha akatangaza kwamba Semboja alipewa kidonge cha unga mtupu, kile wanachopewa baadhi ili kulinganisha. Kwa hiyo, alisema, marehemu aliuawa na ugonjwa wake mwenyewe aliouficha ili apate ujira. Alimwita maiti mwongo mbele ya mama yake. Hapo ndipo walipoapa watatu wale kulipa kisasi, na mimi nisingewazuia.

Mkude alirudi katika nyumba ile na kujitolea tena kumeza dawa ile ile. Alipewa kidonge, akameza, akaachama nesi amulike mpaka chini ya ulimi. Alipopata nafasi ya kwenda chooni, akakirudisha kikiwa kimeyeyuka nusu, akakifunga kwenye nailoni. Hiyo nusu nyingine ilibaki mwilini, na jicho lake la kushoto halioni tena.

Nakijwa aliipeleka kanga barazani, haijafuliwa tangu siku ile. Wazee wakamfunga macho, wakamnusisha unga wa muhogo, dawa za malaria, chokaa, na kidonge cha Mkude kilichosagwa. Hapo kwenye kidonge akasimama. Akasema ndicho kilichotoka tumboni mwa mumewe. Wazee wakanusa kanga, wakanusa kidonge, wakatazamana.

Mahimbo, aliyeitwa naye pale barazani, akageuza maneno. Akakubali kwamba ni dawa, lakini akasema ni ajali ya kazi, nani angejua? Baraza likaanza kulegea. Ndipo Bi Siwatu alipokwenda kukaa sakafuni mbele yake, akamtazama. Chai ililetwa ikapoa. Mahimbo alijifuta jasho, akauliza anatazamwa nini, akaomba maji, mwisho akayasema yote. Mtu wa kwanza aliumwa vibaya, naye akamtoa alfajiri kwa mlango wa nyuma, akawaambia wengine kwamba ameitwa msibani kwao, kisha akawapa dawa ile ile. Aliogopa kuchelewa, wenye dawa wasije wakahamishia kazi kwingine.

Basi, mji ule ulikuwa na mila: kisasi kina mkono mmoja. Aliyekiwezesha ndiye anayetaja adhabu, peke yake, na baraza haliongezi wala halipunguzi. Mwenyekiti akauliza ni mkono wa nani. Ikainuka mitatu.

Mkude alitaka Mahimbo aishi, ila kila dawa mpya ya nyumba ile ianzie tumboni mwake, mpaka ije ile itakayomuua. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nakijwa alitaka ameze kile kilichommeza mumewe, leo, hapo hapo.

Bi Siwatu akamwonyesha kwa kidole kijana mmoja aliyesimama mlangoni, mtoto pekee wa Mahimbo, mzima wa afya. "Nataka yule ameze," alisema. "Baba yake akae kando ya kitanda."

Nakijwa alishtuka. "Mama, huyo hana kosa."

"Wangu alikuwa na kosa gani?" Bi Siwatu akamjibu. "Wewe mkwe wangu ulimtuma kwa tamaa ya oveni. Wewe Mkude ulimziba mdomo. Mimi sikumtuma wala sikumnyamazisha. Mkono ulio safi hapa ni wangu."

Na alilosema ni kweli. Mahimbo alipiga magoti, akaomba apewe yeye. Kijana naye akasogea, akasema kama ni lazima atameza yeye, ila baba yake aachwe. Bi Siwatu hakuinamisha macho.

Haya, semeni nyinyi. Bila kidonge, pua ingenusa nini? Bila pua, kidonge kingethibitisha nini? Na bila kimya kile, Mahimbo angekuwa anakunywa chai kwake sasa hivi. Watatu wamefanya sawasawa. Mmoja mkono wake ni safi na adhabu yake ni chafu, wawili adhabu zao zina afadhali kidogo na mikono yao ina damu ya Semboja. Je, ungekuwa wewe mwenyekiti, na mama huyo anakutazama, ungeuinua mkono wa nani?