Nungunungu Aliyewafundisha Pimbi Habari za Tai

Paukwa!

Pakawa.

Ninyi wa kule nyuma, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hii si ya kuchekesha.

Kale, kale hasa, palikuwa na mlima wa mawe. Katika mawe yale waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo. Hana pembe, hana miiba, ana shimo lake tu. Na kileleni aliishi Tai. Tai alishuka asubuhi, vuuu. Akashuka jioni, vuuu. Kila aliposhuka, nyumba moja ililia.

Pimbi wakakutana. Wakasema, "Watoto wetu wanakwisha. Tuwatafutie mwalimu."

Wakamwendea Nungunungu, maana alijua maneno mengi. Nungunungu akawaambia, "Kichwa cha mtoto ni kibuyu kitupu. Mimi nitamimina. Kazi yake yeye ni kutomwaga."

Wazazi wakapendezwa. Nani hajawahi kujaza kibuyu?

Watoto wakapelekwa pangoni kwa Nungunungu, ndani kabisa, gizani. Akamimina. Wakaitikia:

"Tai ana mbawa mbili. Tai ana kucha nane. Kivuli kikipita, kimbilia shimoni."

Leo hivyo. Kesho hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Alikuwako mtoto mmoja, Tunu, kitinda mimba wa Bi Sikitu. Ndugu zake wanne Tai alikwisha kuwachukua. Siku moja Tunu akauliza, "Mwalimu, kivuli kikoje?"

"Kivuli ni kivuli."

"Humu ndani hakuna. Kikija nitakijuaje?"

Nungunungu hakujua kivuli cha Tai. Yeye ana miiba, Tai hamgusi. Maisha yake yote hajawahi kukimbia kivuli. Maneno yale alipewa na mwalimu wake, naye alikuwa nungunungu vilevile. Akasema, "Kibuyu hakiulizi, mwanangu. Rudia."

Tunu akarudia. Akarudia mpaka akawapita wenzake wote. Mama yake aliposikia, alilia kwa furaha. "Huyu atabaki," alisema. "Huyu mmoja nitabaki naye."

Masomo yakaisha. Watoto wakatolewa nje, juani, ili wale majani. Wazazi wakakaa kando wakiwatazama, mioyo imetulia.

Kivuli kikapita juu ya mawe. Kidogo, chepesi, hakina kelele. Tunu akakiona. Akakifuata kwa macho.

"Mama," akasema, "ni nini hiki kinachotembea juu ya jiwe?"

Vuuu. Pu!

Bi Sikitu alikuwa amefungua kinywa amjibu. Jiwe lilikuwa tupu.

Jii.

Nungunungu akaja kwenye msiba. Akaketi na Bi Sikitu siku tatu, hakula, hakunywa. Siku ya nne akawaita wazazi wote.

"Nimekosea," akasema. "Tunu aliniuliza, nikamnyamazisha. Nipeni hawa waliobaki. Nitakaa nao mlangoni mwa pango, wakione kivuli kwa macho yao, wakimbie kwa miguu yao. Nanyi mje mtusaidie. Ninyi mnamjua Tai kuliko mimi."

Wazazi wakatazamana.

"Nje ndiko alikofia Tunu," akasema mmoja.

"Hakujaa vizuri, mwalimu," akasema mwingine. "Ongeza maneno."

"Alijaa kuliko wote."

"Basi ongeza."

Nungunungu akamgeukia Bi Sikitu. Bi Sikitu hakuinua uso. Akasema polepole, "Ongeza, mwalimu. Dada yangu ana watoto wawili."

Angeweza kukataa. Hakukataa. Alikuwa mzee, amechoka, na wao walikuwa wengi. Akaingia pangoni, watoto nyuma yake. Akawamiminia maneno saba mapya, juu ya mdomo wa Tai na rangi ya manyoya yake. Wakayashika yote.

Masika yale Tai alichukua watoto kumi na mmoja. Wawili wa dada yake Bi Sikitu walikuwamo. Masika yaliyofuata, pimbi waliacha kuhesabu.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa na wadogo: mtoto hujifunza kwa kuona, kwa kugusa na kwa kuuliza, maneno matupu hayamkingi na Tai. Na mkubwa akishaliona kosa lake kisha akalirudia, wanaoangamia ni wadogo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Msiniulize kama mlima ule una pimbi hata leo.